Windows 10 yafikia ukingoni: Mfanyabiashara asikurupuke, wala asilale

KATIKA maduka mengi ya jumla, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Mombasa na Kampala, kompyuta iliyoko kaunta haihesabiwi kuwa mali inayochakaa. Gari hubadilishwa oili, mizani hukaguliwa, jokofu huitiwa fundi, lakini kompyuta huachwa ifanye kazi mpaka izime yenyewe. Oktoba 14, 2025 mazoea hayo yaliwekewa bei. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10, ulioingia sokoni Julai 29, 2015, na pamoja na huduma hiyo vikaisha viraka vya usalama vilivyokuwa vikitolewa bure. Siku hiyo hiyo ilifunga pia huduma kwa Office 2016 na Office 2019, programu ambazo ndani yake mna majedwali ya Excel ya wafanyabiashara wengi.

Kompyuta zenyewe hazikuzimika, na hapo ndipo penye mtego. Asubuhi ya Oktoba 15 risiti ziliendelea kutoka na stoo ikaendelea kuhesabiwa, hivyo mwenye duka akaona maneno yote yalikuwa kelele za wauza kompyuta. Ukweli ni kwamba mashine isiyopata viraka ni sawa na duka ambalo kufuli yake inajulikana na wezi wote wa mtaa. Linaweza kukaa salama mwaka mzima, na linaweza kuvunjwa usiku wa leo.

Mfano haupo mbali. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 12, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo na kuingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikifunga mafaili na kudai fidia kuanzia dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu kubwa ya mashine zilizonaswa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo, ila wenye mashine hawakukipokea. Mwenye duka anayezima masasisho ili kuokoa kifurushi cha data amejiweka katika kundi hilo kwa hiari yake.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi daftari la madeni, orodha ya wateja na kumbukumbu za kodi vimo ndani ya kompyuta moja, mara nyingi bila nakala ya pili. Anayepoteza kompyuta hiyo hapotezi chombo tu, anapoteza uwezo wa kujua nani anadaiwa kiasi gani. Bima ya moto haimrudishii deni hilo.

Hata hivyo, kukimbilia dukani kununua mashine mpya kwa sababu ya hofu si biashara nzuri pia. Kwanza ieleweke nini kinatakiwa. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, hutolewa bure kwa mwenye Windows 10 halali, mradi mashine itimize masharti: memori ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo karibu yote huanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Namba ya prosesa hutoa jibu haraka: i5-7500 ni kizazi cha saba na imeachwa nje, i5-8500 ni cha nane na inapita. Yapo mashine mengi yanayofaa kabisa ambayo chipu ya TPM imezimwa tu katika mipangilio, na fundi anayejua kazi yake huiwasha kwa dakika chache.

Kwa mashine zisizopita, ipo njia ya kununua muda. Microsoft iliweka huduma ya viraka vya nyongeza. Kwa biashara bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 122 wa pili na dola 244 wa tatu. Duka lenye kompyuta nne litalipa dola 244, kisha 488, kisha 976, jumla dola 1,708 kwa miaka mitatu. Anayechelewa kujiunga hadi mwaka wa pili hutakiwa kulipia na wa kwanza. Kwa mtu binafsi wa nyumbani bei iliwekwa dola 30, kwa muda uliopangwa kuishia Oktoba 13, 2026, lakini mpango huo haukukusudiwa biashara.

Hesabu hiyo inaonyesha wazi kwamba huduma ya nyongeza ni daraja la kuvukia, si nyumba ya kuishi. Inafaa kwa mashine moja iliyofungwa na programu ya zamani ya uhasibu ambayo muuzaji wake hajaitayarisha kwa Windows 11. Kuilipia ofisi nzima kwa miaka mitatu ni kukodi kitu ambacho fedha hiyo hiyo ingekinunua.

Kadhalika si kila mashine inahitaji Windows. Kompyuta ya kuandikia barua na kufungua intaneti inaweza kuwekewa Ubuntu, ambayo ni bure. Toleo la 24.04 la Aprili 2024 limeahidiwa viraka kwa miaka mitano, na LibreOffice hufungua majedwali mengi ya Excel. Tahadhari ni moja: printa na programu ya hesabu zijaribiwe kwanza. Nakala za bandia za Windows 11, zinazouzwa katika flashi kwa bei ya chai, si njia ya mkato hata kidogo. Anayezisakinisha humkabidhi mgeni asiyemjua ufunguo wa duka.

Wanaouza au kununua kompyuta za mtumba wana sababu ya pekee ya kuwa macho. Ofisi za Ulaya na Marekani zinapoondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, mashine hizo hutafuta wanunuzi kwingine. Bei itakuwa ya kuvutia, lakini rahisi huwa ghali. Mwagizaji anayejaza kontena bila kuuliza kizazi cha prosesa ananunua tatizo ambalo mwingine amelipa kuliondoa, na mteja wake atarudi kulalamika.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba sasisho lenyewe laweza kuleta balaa. Julai 19, 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows milioni 8.5 duniani, na safari za ndege zikasimama. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilisambazwa kupitia sasisho la programu ya hesabu ya Ukraine iitwayo M.E.Doc, kampuni ya meli ya Maersk ikakadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Fundisho hapa si kukataa masasisho. Fundisho ni kutobadilisha mashine zote siku moja, kutofanya kazi hiyo mwisho wa mwezi au wakati wa kufunga hesabu, na kutoanza kabla nakala ya akiba haijawekwa nje ya jengo na kujaribiwa kama inafunguka.

Wawekezaji wadogo nao wasidhani suala hili ni la mafundi peke yao. Katika mkutano mkuu wa mwaka ni haki ya mwenye hisa kuuliza kampuni yake ina kompyuta ngapi za Windows 10, na gharama ya kuzibadilisha imewekwa wapi katika vitabu. Faida iliyokuzwa kwa kuahirisha matengenezo ni faida ya kuazima.

Kilichobaki ni nidhamu. Windows XP iliachwa Aprili 8, 2014, Windows 7 ikaachwa Januari 14, 2020, na kila mara wenye maduka walishtuka kana kwamba tarehe haikutangazwa miaka kabla. Toleo la kila mwaka la Windows 11 kwa mtumiaji wa kawaida huhudumiwa miezi 24 tu, kwa hiyo mshtuko mwingine uko njiani kwa asiyepokea matoleo mapya. Anayetenga fungu dogo kila mwezi kwa ajili ya kompyuta, kama anavyotenga la kodi ya pango, hatakuwa na siku ya kukurupuka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta wa safari hii ni daftari lote la wadaiwa.