SAFU YA LUGHA: Maneno Yanayotupotosha Mbele ya Daktari



Kiswahili kina maneno mapana. Neno moja hubeba maana tatu au nne, na msikilizaji huitambua iliyokusudiwa kwa mkondo wa mazungumzo. Kiingereza aghlabu kimezigawa maana hizo, kila moja ikapewa neno lake. Hapo ndipo tunapoteleza, hata sisi tuliokaa Uingereza miaka mingi. Sokoni kosa la neno huishia katika kicheko; kwa daktari laweza kumletea mtu dawa isiyo yake. Basi katika toleo hili tuyatazame maneno ya hospitali.

1. Mkono, mguu na kidole

Kwetu mkono huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Kwa Waingereza, kutoka begani hadi kifundo cha mkono ni "arm", na kutoka hapo hadi vidoleni ni "hand". Vivyo hivyo mguu: juu ya kifundo ni "leg", chini yake ni "foot". Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Mgonjwa wa kisukari aliyepata kidonda wayoni na aseme "foot", maana kidonda cha mahali hapo hutakiwa kuangaliwa upesi, na aliye upande wa pili wa simu hana macho ya kukiona.

2. Kusikia

Twasikia sauti, twasikia maumivu, twasikia baridi, twasikia harufu. Kwa Kiingereza, sauti ni "hear", maumivu na baridi ni "feel", harufu ni "smell". Mgonjwa wa kwetu husema, "Nasikia kitu kinatembea kichwani," naye anaeleza hali ya mwili wake. Akitumia "hear", yumkini daktari atadhani anasikia sauti zisizokuwapo, na maswali yatageukia akili yake. Sahihi ni "feel".

3. Kifua na moyo

Tukisema mtoto ana kifua, mara nyingi twakusudia kikohozi, nacho ni "cough". "Chest pain" ni maumivu ya kifua, na kwa mtu mzima daktari akiyasikia hufikiria moyo. Kiungulia huitwa "heartburn", ingawa si ugonjwa wa moyo: ni tindikali ya tumboni inayopanda kuelekea kooni. Ama "heart attack" ni shambulio la moyo, jambo la kupigia simu 999 bila kungoja. Maneno haya mawili yasibadilishane.

4. Kufunga

"Fast" ni kufunga, ila mfungo wa hospitali sio wetu. Sisi hula daku, tukaanza alfajiri. Mfungo wa kabla ya upasuaji huhesabiwa kurudi nyuma kutoka wakati wa upasuaji wenyewe. Kwa kawaida mgonjwa huacha chakula muda wa saa sita kabla, au zaidi kama barua yake itakavyoeleza. Sababu yake ni kwamba aliyepigwa nusukaputi akiwa na chakula tumboni, chakula hicho chaweza kupanda na kuingia mapafuni. Aliyekula daku saa kumi na moja alfajiri, kisha akapangiwa upasuaji saa tatu asubuhi, kwa dini amefunga, kwa daktari hajafunga. Yaelekea atarudishwa nyumbani kungoja siku nyingine.

Na tusisahau kufunga choo: huko ni "constipation". Ukisema tumbo lako ni "closed", hutaeleweka.

5. "Translator" na "interpreter"

"Translator" ni mfasiri wa maandishi. "Interpreter" ni mkalimani wa maneno ya mdomoni. Huyu wa pili ndiye wa kuombwa mnapopanga miadi. Katika hospitali za serikali hapa Uingereza mgonjwa hamlipi, na mwanamke aweza kuomba mkalimani mwanamke.

Jambo hili lina uzito. Wengi wetu humchukua mtoto wa miaka kumi akawa mkalimani wa maradhi ya mama yake. Mtoto huenda hajui neno. Na hata akilijua, yako maradhi ambayo mama hatayataja mbele ya mwanawe. Mama hunyamaza kwa haya, naye daktari hatibu asichoambiwa. Dini yetu yatuhimiza haya na sitara, na mkalimani mwaminifu ni sitara kwa mama na kwa mtoto.

Zoezi la mwezi huu

Semeni kwa Kiingereza: "Mguu umevimba kutoka kifundoni hadi vidoleni, na nasikia ganzi." Wazazi na watoto walifanye pamoja. Jibu litatoka katika toleo lijalo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.