Ukuta ni wa Mwenye Nyumba, Macho ni ya Mpangaji

Mtu alipapo kodi ya nyumba hupata nini? Wako wenye nyumba wajibuo kuwa hupata pahali pa kulaza ubavu, basi. Mimi nasema hupata zaidi ya hayo. Hupata haki ya kuishi kama mtu mzima ndani ya vyumba vyake, na mtu mzima hujichagulia mwenyewe njia ya kupokea habari za ulimwengu.

Nilipata kupanga katika jumba moja la ghorofa mjini Nairobi. Mwenye nyumba alikuwa amepatana na kampuni moja tu ilete waya wa televisheni na intaneti. Jirani yangu, mshonaji nguo, alitaka kampuni nyingine yenye bei nafuu, ili watoto wake wapate vipindi vya masomo. Mafundi walirudishwa langoni. Alipofunga dishi kwenye roshani yake, lilishushwa siku ya pili, akaambiwa kuwa asiyeridhika mlango u wazi. Mama huyu hakuchelewesha kodi hata mwezi mmoja.

Mwenye nyumba atasema, “Ukuta ni wangu.” Ni kweli, na kifungu cha 40 cha Katiba yetu ya 2010 kinamlinda. Lakini kifungu cha 46 cha Katiba hiyo hiyo kinalinda masilahi ya kiuchumi ya mnunuzi. Atasema tena, “Waya utaharibu jengo.” Basi kampuni iharibuyo na itengeneze. Atasema mwisho, “Ahame.” Je, kuhama ni bure? Iko gari ya kukodi, iko amana ya nyumba mpya, na wako watoto wa kutafutiwa shule nyingine. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tazama yaliyotokea New York, nchini Marekani. Huko kampuni ya waya ilizoea kuwapa wenye nyumba asilimia 5 ya mapato yaliyotoka katika majumba yao. Tangu 1973 sheria ya jimbo ikakataza mwenye nyumba kuwazuilia wapangaji televisheni ya waya, na tume ya jimbo ikakadiria kuwa fidia ya dola 1 yatosha kwa kawaida. Bibi Jean Loretto, aliyekuwa amenunua jumba la ghorofa tano mwaka 1971 akakuta waya umepita juu ya paa, alishtaki. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba waya uliofungwa daima katika mali ya mtu, hata ukiwa mwembamba, hauna budi kulipiwa fidia. Hukumu hiyo haikumpa mwenye nyumba ruhusa ya kuwanyima wapangaji waya. Ilidai tu alipwe haki yake. Kisha mwaka 2007 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ikapiga marufuku mikataba ya kuipa kampuni moja ya waya jumba zima peke yake.

Huo ndio uadilifu niutakao kwetu. Ukuta ukitobolewa, mwenyewe alipwe. Lakini asipewe fedha kwa siri ili awafungie wapangaji mlango wa soko, kwani hapo hauzi ukuta wake tena. Anauza watu wanaokaa nyuma ya ukuta. Kodi amekwisha kuipokea kwao, kisha awauze wao wenyewe kwa kampuni! Biashara gani hiyo yenye faida mbili na jasho la mtu mmoja?

Watu husema mnyonge hana haki. Wewe kijana usomaye, usiikubali methali hiyo kuwa sheria. Huenda kesho ukawa mpangaji: uliza juu ya waya kabla ya kutia sahihi mkataba, na ukionewa, ungana na jirani zako mseme kwa kauli moja. Na huenda ukawa mwenye nyumba. Siku hiyo mkumbuke mshonaji nguo, wala usimshushie dishi lake.