Kamera ya Krismasi iliyoonyesha Makka

Kama mfuko umetoboka kwa ajili ya sikukuu usijali, hauko peke yako. Wiki hii tuweke kando mambo ya mapenzi, tuongelee zawadi. Washikaji zangu wa mjini ukiwauliza zawadi ya Krismasi wasiyoisahau, wengi watakutajia nguo, au zile raba za kuwaka taa kisiginoni. Mimi yangu ni kamera. Tena kamera feki, ya plastiki, ambayo haijawahi kupiga picha hata moja!

Waliokua nazo wanazijua. Unaiweka jichoni, unaielekeza kwenye mwanga, unabonyeza kitufe, kwachi! picha ya ndani inabadilika. Ukoo wake ni mmoja na View-Master, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1939. Za kwetu zilikuwa za bei poa, wamachinga wanazipanga chini pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Nyingi ndani yake zilikuwa na picha za Makka na Madina, maana hizo ndizo mahujaji hupenda kuwaletea watoto.

Sasa twende Kibiti, mwaka 2007. Mzee wangu alikuwa mtumishi pale, enzi hizo Kibiti bado iko chini ya Wilaya ya Rufiji. Wakristo tulikuwa wa kuhesabika, lakini Krismasi ilikuwa ya wote. Desemba ndiyo watu wana mshiko wa korosho, maembe yanaoza chini kwa wingi, na kamba wanaletwa kutoka delta. Isitoshe, mwaka ule Idd el Hajj na Krismasi zilipishana siku chache tu. Sisi tulikula pilau kwa jirani, wao wakaja kula kwetu, na rafiki yangu alivaa shati lile lile sikukuu zote mbili. Nani angemuuliza?

Mzee akarudi kutoka Dar na basi la Mbagala Rangi Tatu, mkononi mfuko wa rambo. Ndani, kamera nyekundu. Nikabonyeza, Kaaba. Nikabonyeza tena, msikiti wa Mtume. Mama alipochungulia alicheka mpaka akakaa chini. "Baba watoto, mtoto amebatizwa juzi tu, leo unamletea Makka?" Mzee akasema mtoto anataka kubonyeza, basi abonyeze.

Wee acha tu! Siku ya Krismasi nilikuwa bwana picha wa mtaa mzima. Watu wanajipanga, wanatia mikono kiunoni, wanauza sura. "Picha zinatoka lini?" Najibu, Jumamosi. Kila mtu anajua hazitoki, na bado anaomba apigwe ya pili.

Siku hiyo bibi yake rafiki yangu alikuwa pale. Ametoka delta kwa mashua, kashukia Nyamisati, kaja kuona wajukuu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu lete nami nione." Nikamwelekeza kwenye jua. Akabonyeza. Akanyamaza. Akabonyeza tena, polepole, chai yake ikapoa.

"Napaona kwenye mswala tu miaka yote," akasema. "Kumbe watu ni wengi hivi."

Hakuwa amekwenda Hijja, na nauli ya Hijja si ya mama anayelima mpunga. Tangu hapo kila akija Kibiti, akishasalimiana tu, anaulizia ile kamera.

Bibi yule amefariki miaka kadhaa sasa. Siku za msiba watoto wake walitafuta picha yake nyumba nzima, wakapata moja tu, ya kadi ya mpiga kura. Ndogo kama stempu, kanuna kama anayesomewa mashtaka. Wakaipeleka studio ikakuzwa, na ndiyo iliyopo sebuleni. Wajukuu waliozaliwa baadaye wanaamini bibi yao alikuwa mkali. Bibi yule mkali? Wapi!

Kinachonikera ni hiki. Kwetu kule kamera zimefika zamani sana. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliipiga picha delta ya Rufiji kutoka angani, zikiisaka Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko. Julai 11 mwaka huo ikapigwa mizinga mpaka wenyewe wakaizamisha. Mwaka 2017 kamera zikaja tena, kwa ajili ya mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji. Mwaka 2024 zikaja na mafuriko. Yaani wenye kamera zao wanatutembelea siku ya balaa. Siku ya pilau, korosho zimelipa na watoto wamevaa mashati mapya, hawapo.

Hiyo siku ni ya kwetu kuipiga wenyewe. Wewe hapo una simu, umejipiga picha mia ukiwa na sahani ya chipsi, lakini bibi yako kijijini ana ngapi? Krismasi hii ukienda nyumbani, mpige akiwa anacheka, anachambua mchele, anakugombeza. Usimwambie akae sawa, atanuna kama kwenye kadi ya kura. Kisha nenda studio ukaisafishe hiyo picha, itiwe fremu, ipigiliwe msumari ukutani. Simu ikikwapuliwa Mbagala, inaondoka na ukoo mzima!

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Krismasi njema, na msiuze sura peke yenu.