Gari ya kujifungia mwenyewe

Sisi wa mungodi tunafungua moteri na kuirudisha mu posti moja. Lakini mtoto akikaribia motokari ya baba, tunamufukuza: «Acha, utaharibu!» Tunakosea.

Kule Uingereza, tangu 1957, Bwana Colin Chapman aliuzisha Lotus Seven vipande-vipande. Mununuzi njo aliifunga mwenyewe ku nyumba, na hivi aliponyoka kodi ya magari mazima. Kodi ile iliisha 1973, lakini watu wanaendelea kujenga gari za namna ile. Ni tiyo za chuma, tole ya aliminiamu juu, milango hakuna. Haifike kilo 600. Sababu ni nyepesi, moteri kidogo inatosha, na freni hazichoki mbio ku kona. Wakitoka kuikimbiza ku piste (na mvua ya kule!), wanakagua buloni moja moja, kwani mtetemo unazilegeza. Mwenye aliikaza kwa mkono wake anasikia sauti mbaya mbele kitu hakijavunjika.

Vijana wetu wa kampu wako na mikono ile ile. Tunaomba wakubwa wa kampuni wawafungulie atelie Siku ya Posho, na fundi mmoja wa kuwaangalia. Moteri nzee hazikosi: ziko nyuma ya atelie, nyasi zinaota ndani.