Kiazi Kilichokatwa na Swali Lililofichwa

Walimu wengi, wafikapo katika somo la chakula, huandika ubaoni kwamba kiazi kilichokatwa hugeuka rangi "kwa sababu ya hewa", kisha hupita. Jibu hilo si la uongo. Lakini kwa maoni yetu lafunga mlango uliopasa kufunguliwa. Kiazi kizima nacho kimezungukwa na hewa ghalani. Mbona hakigeuki rangi mpaka kipitiwe na kisu?

Hapo ndipo penye somo. Ndani ya chembe hai iliyo nzima vitu vimetengwa, kila kimoja mahali pake. Kisu kipasuapo chembe, kimeng'enya hukutana na kemikali kilizotengwa nazo, oksijeni huingia, na rangi ya kahawia hutokea. Mazao ya badiliko hilo hushikamana hata na protini nyingine na kuziharibu. Ndiyo maana mtaalamu asagaye majani ili kupata protini iliyo salama hufanya kazi upesi, juu ya barafu, na hutia dawa ya kuzuia oksijeni, mara nyingine vitamini C. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, aliifikia vitamini hiyo akianzia katika kuchunguza kwa nini mimea fulani hugeuka kahawia ijeruhiwapo na mingine haigeuki.

Wanachuo hutuambia kwamba shule hazina maabara. Visahani vitano vyatosha: kipande kikavu, cha majini, cha maji ya limau, cha siki, na kilichochemshwa mara baada ya kukatwa. Siki isisahauliwe. Limau lina kazi mbili: uchachu wake hudhoofisha kimeng'enya, na vitamini C huzuia oksijeni, siki ina uchachu pekee.

Kilichochemshwa ndicho chenye utamu. Kimeng'enya nacho ni protini, na moto umekiharibu. Basi kwa nini mtaalamu naye asichemshe majani yake, aepukane na gharama ya barafu? Twapendelea swali hili litoke kinywani mwa mtoto, hata likila kipindi kizima, na muhtasari ungoje kesho.

Vipande vyote vikatwe kwa unene mmoja kabla ya limau kupasuliwa, maana tone likibaki kwenye kisu litaharibu ulinganisho.