Sokwe Akikujia Mbio, Kumbatia Mti

Watu wa Dar mkisikia mtu anakwenda kutembea porini, swali lenu ni moja tu: "Huogopi simba?" Nilipotangaza nyumbani kwamba naenda Kigoma na kutoka hapo nitapanda vilima vya Gombe, mama mkwe alinisomea dua ya simba, ndefu kwelikweli. Sikumkatiza, dua haikataliwi. Lakini Gombe mwenye nyumba si simba, mama. Mwenye nyumba ni sokwe.

Na usimfikirie yule sokwe wa kwenye matangazo, kavalishwa kaptura anachekacheka. Yule ni mtoto. Dume zima ni habari nyingine, bwana. Nguvu zake zinazidi za mwanamume wa kawaida, na meno yale ya pembeni ukiyaona anapopiga mwayo unakumbuka hata madeni ya mwaka juzi.

Waulize wenyeji wa kando ya ziwa watakutajia Frodo. Huyu alizaliwa mwaka 1976 palepale Gombe, mama yake Fifi, bibi yake Flo, ukoo wa wakubwa. Toka utotoni alikuwa mtundu wa kurushia watu mawe. Alipokomaa akapita kilo 50, pandikizi la sokwe. Mwaka 1988 alikuja mgeni kutoka Marekani, Gary Larson, mchora katuni maarufu wa kule, mtu anayewachekesha watu kwa kuchora wanyama. Frodo akamtia mkong'oto, akarudi kwao na michubuko. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mama mwenyewe, Jane Goodall, aliyetia mguu pale Julai 1960 na kuwafanya sokwe wa Kigoma wajulikane dunia nzima. Frodo alimrukia akampiga kichwani, shingo nusura ivunjike. Huyo ni mtu aliyemjua toka anabebwa na mama yake! Sasa wewe uliyeshuka jana na treni unategemea nini?

Hapo bado tunacheka. Mei 2002 kicheko kilikwisha. Frodo, ambaye tangu 1997 alikuwa ndiye mkuu wa kundi baada ya kumpokonya kaka yake Freud aliyekuwa mgonjwa, alikutana ndani ya msitu na watu wa familia ya mfanyakazi wa hifadhi. Walikuwa na mtoto wa miezi 14. Akampokonya yule mtoto na kumuua.

Kuna waliosema Frodo auawe. Mimi kama mzazi siwashangai hata kidogo, na yeyote anayewacheka wenye kilio kile simwelewi. Lakini sokwe ni mwindaji. Anakula mbega wekundu, na mara nyingi anachopokonya ni kitoto kilichoshikwa na mama yake. Frodo katika kazi hiyo alikuwa bingwa. Tena hakuwa anaogopa watu, maana tangu miaka ya 1960 watu walikaa wakiwazoeza, hata kwa ndizi za bure, ili wasikimbie. Mnyama aliyeondolewa woga hajaondolewa njaa. Hawakumuua. Mwaka huohuo wa 2002 aliugua, wenzake wakampindua, akaishi kimyakimya hadi alipokufa mwaka 2013. Goodall naye alituaga Oktoba 2025, akiwa na miaka 91.

Sasa yangu. Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu na muongozaji, mzee mmoja wa Kiha asiyependa maneno mengi. Tulitoka Kibirizi kwa boti, maana Gombe hakuna barabara, ni ziwa tu. Tukaanza kukwea bonde la Kakombe. Shemeji jasho linamtoka, analalamika kwamba Ujiji tulikotembea jana yake kulikuwa tambarare. (Pale Ujiji alisimama kwenye miembe akapiga picha ya Livingstone na Stanley kukutana mwaka 1871. Nikamwambia huyo Livingstone alivunjwa mkono na simba kusini huko mwaka 1844, na maiti yake ilipofika London 1874 ni mfupa ule uliothibitisha kwamba ndiye. Hakupenda hadithi hiyo.)

Tukawakuta sokwe wanne wanachambuana manyoya, raha mustarehe. Ghafla mlio ukapigwa juu ya kilima, wale wanne wakasimama, nywele wima. Dume likashuka mbio likiburuza tawi kubwa, linapiga mashina ya miti kwa miguu, du! du! du! Mzee hakupiga kelele. "Mama, shika mti. Wewe shemeji, shika mti. Msimtazame."

Mimi niliukumbatia mti kama mume aliyetoka safari. Shemeji akageuka atoke nduki, mzee akamdaka ukosi wa shati na kumbandika kwenye shina. Tawi likanipitia mgongoni. Nilisikia pumzi yake, na harufu, naam, harufu ya jasho zito. Kisha kimya. Nilipofumbua macho dume limeketi mita chache mbele yetu, linajikuna, kama si yeye.

Mzee alitueleza tuliposhuka. Yale mapigo si kwa ajili yenu, alisema, anawaonyesha madume wenzake kwamba yupo. Nyinyi ni ngoma tu iliyokuwa njiani. Lakini ukikimbia kwenye mteremko ule utaporomoka, na ukisimama bila kushika kitu atakusukuma ukaporomoke vilevile. Ukishika mti anapita.

Unaposogea kwao, umbali ni mita 10, na barakoa usoni. Hiyo barakoa si ya kukulinda wewe. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakapooza mikono. Mafua yako ya kawaida kwao yanaweza kuwa msiba, kwa hiyo kama unakohoa baki mjini ule migebuka. Chakula usikionyeshe, si kwa sokwe tu: nyani wa ufukweni ni vibaka waliokubuhu, walimnyang'anya shemeji mkate wote mchana kweupe, na hapo mti haukumsaidia.

Wengi mtaniuliza kuhusu kuwapeleka watoto likizo. Chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia msituni, abaki ufukweni na mtu mzima. Yule mzee, nilipomuuliza kama sheria hiyo si kali mno, alinitazama tu, akaendelea kukunja kamba ya boti.