Ajali Haina Kinga, Lakini Kisu Kina Komeo

Ipo methali ambayo ningeomba ipumzishwe kwa muda: ajali haina kinga. Sina ugomvi nayo inaposemwa msibani, mbele ya watu ambao hawana tena la kufanya. Ugomvi wangu ni pale inapotumiwa kufunga mjadala ambao haujaanza. Niliisikia mara tatu kwa siku moja juu ya kidole cha mpwa wangu, na mara ya tatu nilishindwa kunyamaza.

Kijana huyo anabebesha miche ya michungwa huko Kisarawe. Ni kazi ya subira. Unachukua mche wa mlimau, unalichana gamba lake kwa umbo la herufi T, unalibenua taratibu kwa ncha ya kisu, kisha unapenyeza jicho la mchungwa mtamu na kulifunga. Asubuhi moja ncha ya kisu ilinasa kwenye mti. Akakitikisa ili kukichomoa, nacho kikajikunja mkononi mwake. Bapa lilimrudia kwenye kidole cha shahada likakata kano. Jeraha lilishonwa na limepona, lakini kidole hakikunjiki tena. Kwa mtu anayekula kwa vidole vyake, hilo si jambo dogo.

"Ndiyo ajali, mjomba," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa.

Na kweli nilihitaji kufarijiwa, maana kisu kile nilikinunua mimi. Nilikinunua kwa mchuuzi pale Maili Moja, Kibaha, nikampelekea kama zawadi. Kilikuwa kinang'aa, kina kishikizo cha kuchomeka mfukoni, na kilipofunguliwa kililia "ka!" Nilidhani mlio ule ndio usalama wenyewe. Kwa hiyo nililipia mlio.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Kisu cha kukunja ni bapa linalozunguka kwenye pini moja. Unapokata kitu, nguvu inakuja upande wa makali na kulisukuma bapa lizidi kufunguka, mpaka ligote kwenye kizuizi. Hapo hata kisu kibovu huonekana kizima. Hatari iko upande wa pili. Unapotoboa, unapobenua au unapochomoa ncha iliyonasa, nguvu huweza kuja kwenye mgongo wa bapa, nalo likataka kurudi nyumbani kwake. Nyumbani kwake ndipo vidole vyako vilipo. Kazi ya komeo ni kuzuia safari hiyo moja tu.

Viko visu visivyo na komeo kabisa. Vina springi ya mgongoni inayokandamiza kitako cha bapa, na ukisukuma vya kutosha bapa linafunga. Visu vingi vidogo vya mfukoni, vikiwamo vya Uswisi vyenye sifa duniani kote, ni vya namna hiyo. Havimdanganyi mtu: ukikifungua unahisi wazi kwamba kinazuiwa tu, hakikufungwa.

Yako makomeo ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuyaelewa. Joseph Opinel wa Ufaransa alianza kutengeneza visu vyake mwaka 1890, na mwaka 1955 vikaongezewa pete ya chuma shingoni. Ukiizungusha pete, inaziba mwanya ambao bapa lingepitia kurudi kwenye mpini wa mti. Kisu cha Okapi, ambacho Wajerumani walianza kukitengeneza mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na ambacho baadaye utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini, kina springi mgongoni inayong'ata meno ya kitako cha bapa. Huwezi kukikunja mpaka uvute kipete cha kuinyanyua springi hiyo. Mwaka 1964 kampuni ya Buck ya Marekani ilitoa kisu chake namba 110, chenye mtaimbo mdogo mgongoni. Mbele una ndoano inayotumbukia kwenye pengo la bapa, na nyuma springi inaushikilia.

Kisu nilichonunua kilikuwa cha aina nyingine, iliyoboreshwa na fundi Michael Walker wa Marekani katika miaka ya 1980 na sasa kuigwa kila mahali. Ndani ya mpini kuna bamba jembamba la chuma lililopindwa ili lipende kwenda katikati. Bapa likifunguka lote, bamba linachomoka na kusimama nyuma ya kitako chake, kama kabari nyuma ya mlango. Ni ubunifu mzuri sana ukifanywa kwa uangalifu. Lakini kabari ikigusa ukingo tu, au pembe ya kitako ikikatwa vibaya, au utomvu na vumbi vikijaa njiani, msokoto mdogo wa mkono unatosha kuiteleza. Nilipokikagua kisu kile baada ya tukio, bamba lilikuwa limegusa kitako kwa unene wa kucha. Lilikuwa hivyo hivyo siku ya kununua. Mimi sikutazama.

Nilirudi Maili Moja, si kudai pesa bali kuuliza. "Mzee, kwa bei ile ulitaka nini?" mchuuzi alinijibu. Nikamuuliza anionyeshe komeo la visu alivyobaki navyo. Hakujua liko wapi. Simlaumu peke yake, maana mnunuzi naye hakujua. Hebu fikiri: tuko Kibaha, mji uliojengewa jina na elimu, ambapo mradi wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963 ulizaa Shirika la Elimu ili kupiga vita ujinga, maradhi na umaskini. Nasi tunauziana chombo ambacho hakuna kati yetu anayeweza kukieleza.

Hoja ya bei siikubali. Pete inayozunguka si teknolojia ya matajiri. Wala siikubali ile methali nyingine, mtoto akililia wembe mpe. Eti atajifunza! Mpwa wangu amejifunza nini, ila kushika kisu kwa vidole vinne? Somo lililogharimu kidole lingeweza kutolewa kwa dakika moja, bure.

Dakika yenyewe ni hii. Fungua kisu mpaka mwisho. Tazama kama bamba limesimama nyuma ya kitako kwa unene wake wote, au kama ndoano imezama yote. Weka vidole mbali na njia ya bapa, kisha gonga mgongo wake polepole kwenye ubao. Likilegea, rudisha. Shika ncha na mpini, tikisa kushoto na kulia. Likicheza, rudisha. Ukishanunua, safisha pini na njia ya komeo kila baada ya kazi.

Na kwa kazi ya kutwa nzima shambani, sema ukweli: kisu kisichokunjwa, kilichovikwa ala, hakina komeo la kuharibika. Komeo bora kuliko yote bado ni kipande kidogo cha chuma kinachoomba usiliamini kupita kiasi.

Ninachodai si kikubwa. Anayefundisha vijana kubebesha michungwa afundishe na komeo la kisu katika somo lilelile. Anayeuza aweze kulionyesha. Anayempa kijana kisu, hasa mjomba mwenye haraka zake, alijaribu kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo, kama bado kitatokea kisichozuilika, nitakaa nanyi mkekani na kusema kwamba ajali haina kinga. Lakini ile ya Kisarawe ilikuwa na kinga. Ilikuwa ndani ya mpini, na nilikuwa nimeishika mkononi.